Mikanda ya Racheti kwa Mizigo ya Pikapu: Tathmini Kutoka Tanga

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Ngamiani, mjini Tanga, mikanda ya racheti hutundikwa kando ya mabunda ya kamba za nailoni na za katani, na mwenye pikapu hujiuliza kama kuna sababu ya kulipa bei ambayo ni mara kadhaa ya bei ya kamba. Nimeitumia mikanda hiyo kwenye Hilux kubebea mbao, vigae, majokofu na matangi ya maji kati ya Tanga, Muheza na Lushoto. Kwa maoni yangu sababu ipo, ila faida yake humfikia yule tu anayesoma lebo, na anayeijali sakafu ya bodi kama anavyoujali mkanda wenyewe.

Ninaouzungumzia hapa ni mkanda wa poliesta wenye upana wa milimita 50, ndoano mbili za chuma na mtambo wa meno unaokazwa kwa mpini. Mkanda wa kuaminika huwa na lebo iliyoshonewa, na kwa kiwango cha Ulaya cha EN 12195-2 lebo ya bluu ni alama ya poliesta, ya kijani ni ya nailoni, na ya kahawia ni ya polipropilini. Kwenye lebo hiyo pana herufi LC, yaani nguvu ambayo mkanda unaruhusiwa kuhimili, na kwa upana huu tarakimu ya kawaida ni daN (dekanyutoni, kipimo cha nguvu) 2,500, ambayo inakaribia uzito wa tani mbili na nusu. Muuzaji atakutajia hiyo. Tarakimu inayomhusu zaidi mwenye pikapu ni STF, kwa sababu huonyesha mvutano unaobaki ndani ya mkanda baada ya mpini kukazwa kwa nguvu ya kawaida ya mkono, nayo mara nyingi ni daN 300 na kitu tu. Mkanda unaopitishwa juu ya mzigo hubana kwa nguvu hiyo ndogo, si kwa zile tani.

Hapo ndipo sakafu inapoingia. Kanuni za Ulaya hutaka mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu inayolingana na sehemu 0.8 ya uzito wake, kwa hiyo vigae vya kilo 400 huhitaji kizuizi cha takriban kilo 320 pale dereva anapokanyaga breki ghafla. Mbao juu ya bati laini hushika kidogo, kwa kigawo cha msuguano cha 0.2 hadi 0.3, ilhali zulia la mpira lililotengenezwa kwa kazi hiyo hufikia 0.6 na hivyo kupunguza sana kazi inayobaki kwa mikanda. Pembe nayo ina uzito wake: mkanda unaosimama wima hubana kwa nguvu yake yote, lakini ukilala kwa nyuzi 30 kutoka sakafuni hubana kwa nusu tu. Kwa mzigo mfupi kama vigae, ni afadhali kuusogeza mpaka uegemee ukuta wa bodi nyuma ya kabini, kisha mikanda ikamilishe kazi. Anayeshuka kutoka Soni kwenda Mombo, ambako kona hufuatana na mteremko ni mkali, ataona tofauti kabla hajafika chini.

Utumiaji wake unahitaji utulivu. Ncha ya mkanda hupitishwa kwenye mwanya wa mhimili unaozunguka ndani ya mtambo, huvutwa kwa mkono mpaka ulegevu wote uishe, ndipo mpini unapoanza kuchezeshwa. Mhimili unapaswa kuzungukwa angalau mara moja na nusu na usizidi mara tatu, la sivyo mkanda hujaa na kujibana kwenye meno. Wakati wa kufungua, mvutano wote huachiliwa mara moja mpini unapolazwa kabisa, kwa hiyo utingo asiegemee mzigo wala kuweka uso karibu na mtambo.

Kasoro zipo. Hewa ya chumvi ya pwani hula springi na mhimili haraka pale ambapo upakaji wa zinki ni hafifu, na mchanga ukiingia kwenye meno kufuli hukwama, kwa hiyo mafuta kidogo ni ya lazima. Kingo za mabati hukata poliesta bila huruma pasipo kinga. Tena pete za kufungia katika pikapu nyingi zimeshikiliwa na bati jembamba, hivyo zitang'oka kabla mkanda haujafika nusu ya uwezo wake.

Kamba ya katani haijaondolewa kazini. Mkoa huu una historia nayo tangu 1893, mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mmea wake, mkonge, na kwa matenga ya machungwa ya Muheza, ambayo hushuka na kujipanga upya kila gari linapovuka tuta, bado naichagua pamoja na turubai, kwa kuwa hushika fundo vizuri na hupita katika kila upenyo. Jokofu, tangi au vigae sitavifunga tena kwa kamba.

Kwa pikapu moja ninashauri mikanda minne yenye lebo, zulia la mpira linaloenea chini ya mzigo, na vipande vya tairi kuukuu vya kuweka kwenye kingo kali. Mikanda isiyo na lebo, ambayo ndiyo iliyojaa madukani kwa bei nafuu, siipendekezi hata kwa safari fupi ya Pongwe. Kabla ya kulipa, mnunuzi aufungue na kuufunga mpini mara kadhaa hapo hapo kaunta, na aurudishe mkanda wowote ambao kufuli lake halirudi lenyewe kwenye meno.