Windows 11 dukani kwangu: nilisubiri wanachuo wafunge

Nina duka la steshenari na kompyuta mbili. Deskitopu ndiyo inayolisha watoto: kuprinti, kuskani, kupanga risachi za wanachuo. Laptopu ni ya mtumba, inakaa nyumbani. Windows 11, mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta, ilipotoka Oktoba 2021, kila fundi aliyepita aliniuliza, "Bosi, nikupigie mpya?" Nikakataa. Foleni ikishafika barazani, mimi sijaribu vitu.

Kilichonisukuma ni tarehe 14 Oktoba 2025, mwisho wa Windows 10, niliyokuwa nayo, kupewa bure viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba mianya. Si kwamba kompyuta ingezimika siku hiyo, ingawa wengi mtaani walidhani hivyo. Hofu yangu ni flashi. Nachomeka za watu kutwa nzima, na nyingi zina vile virusi vya kugeuza mafolda kuwa shotikati. Bila viraka ni kulala mlango wazi.

Nikasubiri Agosti, chuo kimefungwa. PC Health Check, programu ya Microsoft ya kupima kama kompyuta inaiweza Windows 11, ikasema deskitopu haifai. Kumbe TPM, kifaa cha usalama cha ndani, ilikuwa imezimwa tu kwenye BIOS, mipangilio ya kabla Windows haijawaka. Nikaiwasha, nikakopi kazi zote kwenye hard disk ya nje, nikanunua bando, nikaiacha ijipakue usiku. Asubuhi mafaili yote yapo. Kitufe cha Start kimehamia katikati, nikakirudisha kushoto. Kasi ni ileile.

Sasa printa. Ya rangi ilikubali papo hapo. Ile kuukuu ya nyeusi, ninayoitegemea, ikaanza kutema karatasi zenye mstari mmoja wa alama za ajabu juu, chini kweupe. Rimu nusu ikaenda hivyo. Windows inakupa siku 10 za kurudi ulikotoka, mradi hujafuta folda ya Windows.old. Siku ya tatu nilishafungua ukurasa wa kurudi, nikasema nijaribu draiva (programu ya kuisemesha printa) moja ya mwisho, ya jumla, si ya modeli yangu. Ikachapa. Ingetokea wiki ya kukusanya risachi, ningefunga duka.

Laptopu haikuvuka: prosesa ni Intel kizazi cha 7, na orodha ya Microsoft ya prosesa za Intel zinazokubalika, ukiacha chache, inaanzia cha 8. Fundi alitaka kuipitisha kwa ujanja, nikakataa. Nimeiandikisha kwenye viraka vya ziada hadi 13 Oktoba 2026, bila malipo, kwa kuingia na akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe humo. Baadaye nataka kuiwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows. Mke wangu anataka iuzwe.