Angkor, Kambodia: kata tiketi ya siku tatu, nenda polepole

Angkor ni eneo la mahekalu ya kale, na kulizuru kwa siku moja simshauri mtu. Tiketi ya siku moja ni dola 37, ya siku tatu ni dola 62, na hiyo ya siku tatu unaitumia ndani ya siku kumi bila kulazimika kuzifuatanisha. Mimi nilikata hiyo na sikujuta hata senti. Wanakupiga picha palepale, sura yako inachapwa kwenye tiketi, kwa hiyo huwezi kumwachia mwenzako. Dola 2 katika kila tiketi huenda kwenye hospitali za watoto za Kantha Bopha, na hilo lilinifurahisha.

Angkor Wat yenyewe, hekalu kuu, hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri. Kwa kuwa imeelekea magharibi, jua huchomoza nyuma ya minara, na watu hujazana kando ya bwawa wakisubiri picha. Ni pazuri kweli, lakini uzuri mkubwa uko ndani, na jua likishapanda wengi huondoka kwenda kunywa chai. Hapo ndipo pa kuingia. Upande wa mashariki kuna ukuta wa karibu mita 50 uliochongwa miungu na majitu wakivutana kwa nyoka mkubwa ili kuisukasuka bahari ya maziwa, mungu wa Kihindu Vishnu akiwa katikati. Inama utazame chini: samaki na mamba waliosogea karibu na kitovu cha ule msukosuko wamekatika vipande. Fundi wa karne ya 12 alifikiria mpaka samaki!

Lakini moyo wangu ulibaki Bayon, hekalu jingine. Ilijengwa na mfalme Jayavarman VII, mwishoni mwa karne hiyohiyo kuingia ya 13, na kila mtu huenda kuona zile nyuso kubwa za mawe zilizo minarani. Kampuni moja ya utalii niliyopanda nayo ilitupa muda wa nyuso tu, kisha tukaitwa garini. Nikarudi mwenyewe siku nyingine, nikazunguka ukuta wa nje, upande wa kusini hasa. Pale wamechongwa watu wa kawaida. Kina mama wako sokoni na bidhaa zao, wanaume wamezunguka majogoo yanayopiganishwa, wapishi wanamtumbukiza nguruwe kwenye chungu. Juu kidogo kuna vita vya mashua dhidi ya Wachamu, watu wa ufalme jirani wa Champa, na waliotumbukia majini wanasubiriwa na mamba. Mahali pengine kobe anamng'ata mtu matako na aliyeng'atwa amegeuka nyuma kwa hasira. Mahekalu mengi duniani huwaonyesha wafalme na miungu. Hapa muuza samaki naye amepewa ukuta, na mimi nalithamini hilo kuliko minara yote.

Ta Prohm, ambayo mfalme huyohuyo aliiweka wakfu kwa mama yake mwaka 1186, ina ile miti mikubwa iliyokumbatia kuta. Nenda mapema, maana foleni ya picha kwenye mizizi huwa ndefu. Banteay Srei iko mbali, karibu saa moja kwa bajaji (yao ni pikipiki inayovuta kigari), ila usiiache: ni ya mwaka 967, mawe yake yana rangi ya waridi, na nakshi zake ni nyembamba kiasi kwamba ungedhani zimechongwa kwenye mbao.

Chukua mwongozaji mwenye leseni, angalau kwa Angkor Wat na Bayon, na mwambie tangu mwanzo kwamba unataka kutazama kuta. Mabega na magoti yafunikwe, la sivyo hupandi ghorofa ya juu ya Angkor Wat, ambayo pia hufungwa siku takatifu za Kibudha. Ngazi zake ni kali. Mwenye magoti mabovu abaki chini, kwenye michoro, na hatapungukiwa kitu. Saa sita hadi saa tisa joto ni kali sana, pumzika Siem Reap, mji ulio karibu, urudi jioni. Uwanja mpya wa ndege, uliofunguliwa Oktoba 2023, uko kama kilomita 50 kutoka mjini, hivyo panga usafiri kabla hujatua. Na dola zako ziwe safi: noti iliyochanika hata kidogo huenda ikakataliwa, na chenji ndogo utarudishiwa kwa riel, pesa za Kambodia.