Osney au Jericho: ukihamia Oxford, ukae wapi?

Mitaa yote miwili ina nyumba za matofali za karne ya 19, nyembamba, zimeungana ukuta kwa ukuta, na kutoka kote unafika stesheni ya treni kwa miguu. Tofauti ni maji.

Osney ni kisiwa hasa, kimezungukwa na matawi ya mto Thames. Mitaa ni michache, magari ya kupita hayapo, na nyumba za East Street zinatazama mto moja kwa moja. Majirani mtajuana, mtake msitake. Kwa mtu aliyekulia mtaa wa kubishiana hodi, hilo ni jambo kubwa ugenini. Lakini mto huo huo ni wa kuogopwa. Mafuriko ya Julai 2007 yaliingia majumbani upande huu wa magharibi wa Oxford. Kabla ya kutia saini mkataba, angalia ramani ya serikali ya hatari ya mafuriko, kisha uliza bei ya bima. Usiruke hatua hii, tafadhali.

Jericho ina mfereji wa mashua uliofika mjini 1790, na kiwanda cha uchapaji cha chuo kikuu kilihamia Walton Street miaka ya 1830. Maduka, mikahawa na sinema viko mlangoni. Kelele pia, hasa wanafunzi wakirudi usiku. Kuegesha gari ni shida kote.

Mwenye watoto wadogo ningempeleka Jericho. Mimi mwenyewe ningechagua Osney, ghorofani.