Kituo cha Kaunti au Kliniki ya Binafsi: Uanzie Wapi Kisumu?
Anayehamia Kisumu haachi kuuliza: nikiugua nianzie wapi, kituo cha afya cha kaunti au kliniki ya binafsi pale Kondele?

Kwa gharama, kaunti haina mpinzani. Ukishajisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na serikali. Ila dawa zikiisha, unapewa karatasi ukanunue mwenyewe. Kliniki utatoa mfukoni, lakini ukitoka kazini saa moja jioni unakuta mlango wazi.

Kwangu mimi, jambo kubwa ni kujulikana. Mama ana presha. Kliniki huonwa na afisa wa kliniki yuleyule, ambaye hufungua faili na kupitia vipimo vya mwaka jana kabla mama hajaketi vizuri. Kituoni kila mwezi sura mpya, naye mama kashika kidaftari chake kilichochakaa pembe. Mtoto wa chanjo, hapo sisiti: kwa kaunti, bure.

Basi mwenye presha au sukari na ana uwezo, amfuate anayemjua. Mwenye watoto wadogo na mfuko mwepesi, aanzie kituoni. Na kliniki yoyote ile, tazama leseni ukutani kwanza.