Huduma ya "chapa na bandika" kwa mabango ya kampeni Dar: mashine wanaziweza, kuta hawaziwezi

Msimu wa kampeni ukikaribia, wachapaji wa Kariakoo na mitaa ya jirani huuza kazi mbili kwa bei moja: wanakuchapia mabango, kisha vijana wao wanayasambaza kata nzima. Kwa mgombea udiwani asiye na timu kubwa ni ofa tamu. Ushauri wetu ni kuigawa. Kuchapa wape, maana kazi hiyo wanaiweza. Kubandika simamia mwenyewe, kwa sababu bango likikutwa pasiporuhusiwa, jina na sura vilivyomo ni vya mgombea, na mchapaji hatafutwi na mtu.

Kwenye benna za fleksi (turubai la plastiki la kuchapia), usihangaike kuuliza aina ya mashine. Uliza uzito wa fleksi. Ya kukaa nje iwe gramu 440 kwa mita ya mraba au zaidi. Ile ya gramu 280 ni ya ukumbini, nayo ndiyo utakayopewa ukiingia dukani na swali la bei tu. Hesabu hupigwa kwa mita ya mraba, lakini rola zina upana wake: mita 1.02, 1.27, 1.52, 1.82, 2.5, 3.2. Ukiagiza benna yenye upana wa mita 1.6 itakatwa kwenye rola ya 1.82, na zile sentimita 22 za pembeni kwa kawaida utazilipia wewe. Panga vipimo kwa kufuata rola, si kwa kufuata jicho la mbunifu.

Sura zenye ukungu hazitokani na mashine. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa hadi pikseli 1,600 hivi, wakati benna ya mita 2 inayochapwa kwa nukta 72 kwa inchi inahitaji takriban pikseli 5,700. Itume kama faili, au peleka kwenye flashi. Rangi ya chama nayo ichapwe kwanza kwenye kipande kidogo na ukitazame juani, kwa sababu kijani na bluu za kwenye skrini hupoteza ung'avu zikigeuzwa kuwa wino. Halafu punguza maneno. Herufi ya sentimita 10 husomeka vizuri kutoka mita 12 hivi. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Orodha ya ahadi saba chini ya picha haisomwi na yeyote, labda abiria wa daladala iliyokwama Buguruni.

Umaliziaji ndio wachapaji wanaouharakisha wakizidiwa na oda. Pindo likunjwe mara mbili na kuchomwa kwa joto au kushonwa, ringi za chuma za kupitishia kamba zipigwe kila sentimita 50, na moja kila kona. Ringi iliyopigwa kwenye fleksi ya tabaka moja huchomoka, na ikichomoka moja, jirani zake hubeba mzigo wake na kufuata. Usikubali pia benna iliyokunjwa wino ukiwa bado unanuka dawa: uso wa mgombea utabaki umegandia upande wa pili. Iache wazi usiku mmoja, kisha iviringishwe, picha ikiwa nje.

Sasa kubandika. Vijana wa mchapaji hulipwa kwa idadi ya mabango yaliyoisha, kwa hiyo hufanya kazi usiku na kuchagua sehemu rahisi: nguzo za TANESCO, kuta za shule, vituo vya mwendokasi, alama za barabarani, miti. Zote hizo ziondoe kwenye mpango. Nguzo ya umeme si mali ya mtaa, na kijana mwenye ngazi ya chuma chini ya waya anahatarisha maisha yake. Bango linaloziba alama ya barabarani au kona ya makutano linahatarisha maisha ya wengine.

Pembeni mwa barabara, jua kwanza barabara ni ya nani. Morogoro, Nyerere, Mandela, Kilwa na Bagamoyo ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Barabara nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaipa barabara kuu hifadhi ya mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukisimamisha fremu humo bila kibali, unakaribisha watu wa kuing'oa. Kuchimba shimo la nguzo kienyeji kuna balaa jingine: chini kuna mabomba ya DAWASA na nyaya za mawasiliano, na sururu haichagui. Kwa bango kubwa la kusimama, anzia ofisi ya halmashauri inayohusika (Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni) uulize kibali na ada kabla fundi hajachomelea chochote. Ilala yote ya zamani sasa ndiyo Jiji, tangu 2021, ila vijana wengi bado wanasema "manispaa ya Ilala" na barua zinaandikwa kwa jina lililokwisha.

Kwenye ukuta wa mtu binafsi, chukua ridhaa kwa maandishi: jina la mwenye nyumba, mahali bango linapokaa, tarehe ya kuliweka na ya kulitoa, sahihi. Nakala moja ipeleke ofisi ya serikali ya mtaa. Mpangaji hawezi kutoa ridhaa ya ukuta, hata awe shabiki wa damu. Migogoro mingi huzaliwa hapo: mwenye duka kakubali, mwenye nyumba yuko Tabata, akirudi anachana. Na akichana ana haki yake, hujahujumiwa.

Benna za kuvuka barabara hatuzipendekezi kabisa. Kontena refu lina kimo cha mita 2.9, liweke juu ya trela ya mita 1.5 tayari una mita 4.4, na kamba hulegea kadiri siku zinavyokwenda. Kwenye Mandela, njia ya malori ya bandarini, ni suala la muda tu.

Upepo unadharauliwa mno. Upepo wa kilomita 54 kwa saa ukipiga benna ya mita 3 kwa 2 usoni, unaisukuma kwa nguvu ya zaidi ya kilo 80. Vile vitobo vya nusu mwezi wanavyokata mafundi vinasaidia kidogo sana, na mara nyingi mpasuko huanzia hapo. Afadhali ufunge kwa kamba ya nailoni, kila ringi na fundo lake, kamba moja ikikatika nyingine zibaki. Waya hukata ringi. Vifungio vya plastiki vyeupe hukauka kwa jua na kukatika. Vyeusi huvumilia zaidi.

Karatasi bado ina nafasi yake, ukiangalia kalenda. Kampeni za serikali za mitaa mwaka 2024 zilikuwa za siku saba, Novemba 20 hadi 26. Hapo karatasi ya A2 inatosha na fleksi ni hasara. Uchaguzi Mkuu wa 2025 ulikuwa na kampeni za miezi miwili, kuanzia Agosti 28 hadi Oktoba 28, na Oktoba vuli huweza kuanza, kwa hiyo karatasi ilihitaji kurudiwa. Gundi ya unga wa ngano, nusu kilo kwa lita 4 za maji, ichemshwe hadi iwe nzito, inashika vizuri na hutoka kwa maji. Mbuzi wa uswahilini wanaipenda pia, kwa hiyo bandika juu ya kimo chao. Gundi nyeupe ya mbao usiitumie kwenye ukuta wa mtu: ikitoka, hutoka na rangi.

Ukiwapa kubandika hata hivyo, walipe kwa awamu. Nusu wakati wa kuanza, robo baada ya picha ya kila bango yenye tarehe na mahali, robo ya mwisho baada ya kuyaondoa. Dai risiti ya EFD (mashine ya kodi), tena kuchapa na kubandika vitenganishwe, kwa kuwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inamtaka mgombea atoe hesabu. Kisha wape orodha ya vituo vya kupigia kura. Sheria iliyotumika 2015 ilikataza kuonyesha ushabiki ndani ya mita 200 za kituo siku ya kura. Tumia umbali huo huo kama mpaka wako, na mabango ya ndani yake yatoke jioni ya mwisho ya kampeni. Fleksi zikishushwa usizichome, moshi wake ni sumu. Mama ntilie na wauza mitumba watazichukua siku hiyo hiyo.