Nanjing kwa siku tatu: tathmini ya mfanyabiashara wa Kariakoo

Wengi wetu tunaoagiza bidhaa za Kariakoo tunaifahamu China kwa majina mawili tu, Guangzhou na Yiwu, na mzigo ukishafungwa tunawahi ndege ya kurudi Dar es Salaam bila kuona kingine isipokuwa maghala na vibanda vya wauzaji. Safari hii niliongeza siku tatu, nikapanda treni ya mwendokasi kutoka Yiwu hadi Nanjing, jiji lenye watu zaidi ya milioni 9 lililowahi kuwa makao makuu ya dola ya Ming, ukoo wa wafalme uliotawala China kuanzia karne ya 14 hadi ya 17, ingawa sijapata kumsikia mwenzangu yeyote sokoni akilitaja.

Kinachostahili nauli ni ukuta wa jiji. Ulijengwa katika karne ya 14, na kilomita zipatazo 25 bado zimesimama. Nilianzia Lango la Zhonghua, ambalo kwa hakika ni malango manne yaliyopangwa moja nyuma ya jingine, yakitenganishwa na nyua, ili adui aliyevunja lango la kwanza ajikute amenaswa huku askari wakimtokea kutoka katika vyumba 27 vilivyochimbwa ndani ya kuta. Hata hivyo, nilivutiwa zaidi na matofali yenyewe, kwa kuwa mengi yamepigwa chapa ya mahali yalikotoka, ya maofisa waliosimamia kazi na hata ya mafundi walioyafyatua, ili tofali likionekana bovu mwenye kosa apatikane. Aliyewahi kufungua kontena na kukuta bidhaa mbovu, kisha akakosa wa kumwuliza, ataelewa kwa nini nilisimama pale muda mrefu.

Mahali pa pili ni bustani iliyo kwenye karakana ya zamani ya merikebu za Zheng He, amiri aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu huko Yunnan na kuongoza misafara saba baharini kati ya 1405 na 1433, ambayo baadhi yake ilifika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Malindi, kwa upande wake, ilimpelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415. Asiyejua habari hizi ataona mabwawa marefu ya maji tu, kwa hiyo ni vyema kusoma kidogo kabla ya kwenda. Kwenye mabwawa hayo, ambayo ndiyo gudi za kuundia merikebu, mwaka 1957 lilipatikana gogo la usukani lenye urefu wa zaidi ya mita 11, na mtu wa pwani aliyezoea usukani wa jahazi hawezi kuupuuza ukubwa huo.

Kaburi la Sun Yat-sen, kiongozi wa mapinduzi aliyekuwa rais wa kwanza wa muda wa Jamhuri ya China, lina ngazi 392. Ni zuri, lakini magoti yangu hayakulifurahia. Daraja la mto Yangtze, ambapo magari hupita juu na treni chini, lilikamilika mwaka 1968, miaka miwili kabla ya Wachina kuanza kutujengea TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na kwa sababu hiyo nililitazama kama ndugu mkubwa wa reli yetu.

Chakula kinachosifika ni bata wa chumvi, anayeliwa akiwa amepoa: nyama laini, isiyo na mafuta mengi. Waislamu wa Kihui wana maduka yao ya bata, ila supu ya tambi inayouzwa kila kona hutiwa damu ya bata, hivyo uliza kabla ya kuagiza.

Lalamiko langu ni kwa mkalimani niliyemkodi, ambaye alinipotezea nusu siku nzima katika maduka ya hariri ambayo sikuyaomba. Siku ya pili nilizunguka kwa metro peke yangu na sikupotea. Kaburi la Sun Yat-sen huhitaji kuwekewa nafasi mapema kwa pasipoti na kwa kawaida hufungwa Jumatatu; Julai na Agosti joto la hapo ni kali hata kwa mtu wa Dar es Salaam, nami nitakaporudi nitachagua Oktoba.