Uzoefu wangu: nilizimiwa maikrofoni kwa sababu ya kilo 48

Zimepita wiki kadhaa na hasira bado haijashuka, kwa hiyo mnivumilie.

Nimemaliza kozi ya chuo kikuu kwa njia ya mtandao, ya kumhudumia mgonjwa wa dharura ambaye mapafu yake yameshindwa kabisa kazi. Ratiba na ada ziko kwenye tangazo lao. Mimi nina jambo moja, la jioni moja.

Tulipangwa watano kwa kikundi, tukapewa kisa. Mama mwenye urefu wa sentimita 155 na uzito wa kilo 90, nimonia imeshika mapafu yote mawili, oksijeni ya barakoa haitoshi tena, ameshaingizwa mrija na kuunganishwa na mashine ya kupumulia. Swali: kila pumzi, mashine imsukumie hewa kiasi gani?

Tulikesha siku mbili kwenye waraka wetu wa pamoja. Aliyetutoa gizani ni mwenzetu mmoja, muuguzi wa zamu za usiku. Alituambia, "Jamani, mtu akinenepa mapafu hayanenepi." Ndivyo ilivyo. Ukubwa wa mapafu hufuata urefu na jinsia, kwa hiyo hesabu haianzi na kilo za kwenye mizani. Kwa mwanamke unachukua 45.5, halafu kila sentimita inayozidi 152.4 unaizidisha kwa 0.91 na kujumlisha. Mama yule anatoka na kama kilo 48. Ukimpa mililita 6 kwa kila kilo, unapata karibu 290. Tukaandika 290, tukalala.

Kesho yake tukakuta mkufunzi ameifuta na kuweka 540. Sita mara tisini! Hakuacha hata neno la maelezo.

Jioni kwenye kipindi cha moja kwa moja nikaomba nafasi. "Samahani daktari, naomba kuuliza kuhusu uzito mliotumia." Akanijibu kwamba hakuja kufundisha hesabu za shule ya msingi, na kabla sijamaliza sentensi ya pili akanizimia maikrofoni. Watu wote wanaona. Nikabaki natikisa midomo mbele ya kioo.

Ningekuwa nimekosea ningemeza. Lakini mililita 540 kwa mapafu ya kilo 48 ni zaidi ya 11 kwa kila kilo! Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, wenye wagonjwa 861, ulilinganisha mililita 6 na 12, na kilo zilizotumika ni hizo hizo za kukadiriwa kwa urefu. Waliopewa 12 walikufa karibu 40 katika kila 100, waliopewa 6 walikufa 31. Pumzi kubwa inavuta vijifuko vya hewa ambavyo bado vizima hadi navyo vinaumia. Mtu anayefundisha dharura anafutaje jambo hili, tena bila kuuliza?

Nilikuwa nimeshaamua kumwambia kila mtu asijiunge. Ila nikisema hivyo nitakuwa nimewadhulumu wenzangu wanne. Wiki ya kumlaza mgonjwa kifudifudi ilikuwa bora kuliko mafunzo yote niliyowahi kupata. Ule utafiti wa 2013, uliofanyika zaidi Ufaransa, ambapo wagonjwa mahututi walilazwa kifudifudi angalau saa 16 kwa mkupuo na vifo vya siku 28 vikashuka kutoka karibu 33 hadi 16 katika kila 100, nilikuwa naujua kwa kuusoma tu. Yule muuguzi alijirekodi na ndugu zake nyumbani akatuonyesha nani ashike kichwa, nani aulinde mrija, na nani ahesabu kabla ya kugeuza. Tulirudia mpaka kila mmoja wetu akaweza kuongoza. Kwa hilo tu, jiungeni.

Lakini hapana, siwezi kuliacha liishie hapo, maana alama ya kikundi ilikatwa kwa ajili ya ile 290, na muuguzi wetu ndiye aliyeandikiwa kwamba "hakufuata maelekezo". Yeye! Jiungeni basi kwa ajili ya wenzenu, na kila namba ya mkufunzi muihesabu upya.

Waraka wetu bado uko wazi. Mara tatu nimerudisha 290, mara tatu imegeuzwa 540. Leo asubuhi nimeirudisha tena, na safari hii nimeandika hesabu nzima pembeni, kuanzia 45.5.